Karani na Rangi ya Mama Yake

Nisikilizeni, wapendwa. Na ninyi wa viti vya nyuma mnaochungulia simu mnisikilize zaidi, maana habari hii ni ya watu wenye shughuli nyingi.

Palikuwa na karani mmoja wa mahakama, mtu wa makamo, aliyeishi na mama yake mzazi. Mama alikuwa anaumwa moyo, na daktari alishamwambia mwanawe ajiandae. Karani huyu alikuwa ndiyo kwanza amejiandikisha darasa la kuchora kwa rangi za mafuta, linalofanyika jioni kwenye ukumbi wa mtaa. Mama akamwambia, "Baba, kama unajifunza kuchora, nichore mimi. Picha yangu ya kitambulisho inanionyesha kama mtu aliyekamatwa. Nataka wajukuu wakinitazama wanione mimi mwenyewe."

Akaahidi. Na ahadi kwa mama mgonjwa haina mchezo.

Mwalimu wa darasa, mwanamke mmoja asiye na maneno mengi, aliwaagiza wanunue rangi nyekundu, njano, buluu na nyeupe, brashi mbili, na kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye mbao. Basi. "Rangi nyingine zote tutazizaa hapa hapa darasani," alisema.

Lakini karani wetu, kufika dukani, akaona tyubu imeandikwa "rangi ya ngozi". Moyo ukamlipuka kwa furaha. Akaifungua, akaminya kidogo. Ikatoka rangi ya waridi, kama mzungu aliyetoka kuoga maji ya moto.

"Hii ni ngozi ya nani?" akauliza.

"Ya watu, kaka," muuzaji akajibu. "Ndivyo walivyoandika."

Mnacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo akawa kiguu na njia. Akitoka kazini, duka hili. Jumamosi, mji wa jirani. Alinunua kahawia moja akaona ni udongo wa kichuguu, akanunua nyingine akaona ni kahawa iliyoungua. Mkono wake wa kushoto ulijaa mabaka ya rangi alizojaribu, hata hakimu akamuuliza kama ana ugonjwa wa ngozi. Usingizi ulimpaa. Darasani hakuonekana, kwa sababu atakwendaje kumchora mama bila rangi ya mama?

Na mama je? Kila jioni mama alijipaka mafuta usoni, akafunga kitambaa chake kizuri, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, tayari kuchorwa. Mwana anapita mbio. "Narudi sasa hivi, mama." Mama anasema, "Haya, baba." Halafu anakifungua kile kitambaa, anakikunja.

Siku moja mwalimu alikutana naye sokoni. "Mbona huji?"

"Sijaipata rangi ya mama yangu."

"Hiyo haiuzwi," mwalimu akasema. "Inachanganywa kwa zile nilizokuagiza, huku umemkazia macho."

Mnajua alifikiri nini? Alifikiri mwalimu analijua duka, anamficha. Ndivyo mahangaiko yanavyomfanya mtu. Ukimwambia kaa, anasikia kimbia.

Hatimaye rafiki yake alimletea tyubu moja kutoka mbali. Karani akaiminya kidoleni, mwili ukamsisimka. Ndiyo hii. Akarudi nyumbani anahema, akamkuta mama kitini, akaushika mkono wake na kuuvuta kwenye mwanga wa dirisha ili alinganishe.

Rangi haikufanana. Ile aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ya mama aliyempeleka shule akiwa mtoto. Mkono alioushika ulikuwa umepauka, umekonda, na kwenye kiwiko palikuwa na kovu pana ambalo hakuwahi kuliona.

"Mama, hili kovu limetoka wapi?"

"Hilo? Niliungua mwaka jana, nilipokuwa nakuchemshia chai." Mama akautazama mkono wake, kisha akamtazama mwanawe. "Nilikuambia, baba. Ulikuwa unatoka."

Wapendwa, mnataka kuniuliza kama picha ilichorwa. Mnaona? Hata sisi tumeanza kuuliza habari ya picha, wala hatujauliza hali ya mama.

Sisi ndio yule karani. Tumeshona sare mpya za kwaya, tunatafuta spika zitakazosikika hadi barabarani, na kamati inagombana juu ya rangi ya mapazia. Yote kwa ajili ya upendo wa Mungu, tunasema. Lakini nani kati yetu anajua kwa nini yule mzee wa benchi la tatu siku hizi hasimami tukiimba? Nani amemwuliza? Tunamwambia Bwana, "Narudi sasa hivi," naye amekaa nyumbani mwetu, amevaa sura ya mgonjwa, anatungoja tukae. Upendo hauuzwi ukiwa umeshachanganywa. Unachanganywa ukiwa umemkazia mtu macho, na inauma, kwa sababu utayaona makovu uliyoambiwa ukayapita.

Najua mmezoea niwaambie mgeukie jirani mumsalimie. Leo msisalimiane. Mgeukie aliye kando yako, umtazame mpaka uone kitu ambacho hukukijua. Mimi nitanyamaza, nawasubiri.