Kilindo Kilichoelea

Kisa, kisa!

Mbona hamjibu? Semeni: Kije na miguu yake!

Haya. Kije na miguu yake, kiketi, kimenye karanga pamoja nasi. Najua mtaniambia kisa hakisimuliwi mchana, eti msimulizi huota pembe. Umri wangu huu, pembe zikiota nitatundikia vikapu. Menyeni, na punje ziende kwenye ungo, zisiende mdomoni. Wewe Holo, nimekuona.

Hapo kale, kale yenyewe ilipokuwa bado mbichi, kabla ya reli, kabla babu wa babu yenu hajaota jino, palikuwa na mpagazi katika nchi ya Unyamwezi, jina lake Lugendo. Kila kiangazi wanaume wa kijiji chake walitembea siku kumi na nne kwenda magharibi, kwenye visima vya chumvi. Huko walichemsha maji ya visima mpaka yakakauka, chumvi iliyobaki wakaishindilia katika vilindo, yale makasha ya gome la mti, wakarudi nayo nyumbani begani. Kilindo kimoja ni pishi kumi na mbili. Mtu mzima hodari hubeba hizo kumi na mbili, akafika.

Lugendo ndiye aliyekuwa kirangozi, yaani mtu wa mbele, mshika njia. Na kirangozi ana sheria zake, zisikilizeni vizuri. Ya kwanza, hafungi mzigo wake mwenyewe. Vijana humfungia, yeye akienda njia panda kunyunyiza unga na kuwaombea wenzake safari njema. Ya pili, hakuna anayetua mzigo mpaka kirangozi atue wake. Akitembea, mnatembea. Akipumzika, mnapumzika. Hata ukibanwa na haja, utabanwa mpaka yeye atue.

Sasa Lugendo huyu alikuwa na mvi kichwa kizima, ila hakuziona, maana zilikuwa juu ya macho yake. Alikuwa na wajukuu sita, akawaita "watoto wa Nkwabi," yaani wa mwanawe, kwa sababu neno mjukuu lilimkwaruza koo. Na jambo lililomfurahisha kuliko yote ni hili: kila mwaka mzigo ulikuwa mwepesi begani kuliko mwaka uliopita.

"Wenzangu wananyauka," alisema, "mimi nakomaa!"

Akatembea. Kiangazi kimoja, wakirudi na chumvi, jua likapanda, akatembea. Jua likasimama utosini, akatembea. Nyuma yake vijana tisa, wakihema, jasho likiwaingia machoni. Aliyekuwa wa kwanza kati yao ni Shija, kijana mrefu mwenye mabega kama mlango.

"Baba," Shija aliita, "tupumzike kidogo chini ya miti ile."

"Tupumzike nini? Nani kachoka?"

"Sisi, Baba."

"Loo! Vijana wa siku hizi, mama zenu waliwalisha nini, uji wa maji matupu? Tazameni mzee... tazameni mtu mzima kama mimi! Twende!"

Akatembea. Wakamfuata.

Basi wakafika mtoni. Maji yalikuwa ya kiuno, mawe yake yana utelezi. Lugendo akaingia wa kwanza, kilindo begani, wimbo mdomoni. Hatua moja, hatua mbili, hatua ya tatu, chubwi! Mguu ukateleza, kilindo kikamponyoka.

"Chumvi yangu!" alipiga kelele. "Jamani, chumvi yangu imezama!"

Imezama wapi? Kilindo kiliibuka, kikageuka, kikaketi juu ya maji, kikaenda zake taratibu kama bata. Haya, niambieni nyie mnaokwenda shule: pishi kumi na mbili za chumvi huelea? Hazielei! Shija akakikimbilia akakivuta ukingoni. Kifuniko kilikuwa kimefunguka. Juu chumvi pishi tatu, imelowa. Chini nyasi kavu, zimeshindiliwa vizuri mpaka sakafuni.

Lugendo alizitazama zile nyasi.

"Chumvi yangu iko wapi?" aliuliza.

Shija akainama. "Tunayo sisi, Baba. Kila mmoja amebeba pishi moja juu ya zake kumi na mbili. Mwaka juzi tulikupunguzia tatu. Mwaka jana sita. Mwaka huu tisa. Tukifika nyumbani, ukishatua, tunakurudishia. Hujawahi kupungukiwa hata punje."

"Kwa nini?"

"Magoti yako yalikuwa yanatetemeka, Baba. Tukaogopa kukuambia."

Nyie watoto, aibu ina uzito kuliko chumvi. Lugendo alikumbuka maneno yake yote. Aliwacheka watu kwa kuchoka, na walichoka kwa mzigo wake! Aliwanyima kivuli, nao wamembebea miaka mitatu bila kumsimanga. Laiti wangemwibia, angepata wa kumkasirikia.

Njia iliyobaki hakuimba. Alipofika nyumbani akauegemeza mkuki wake wa ukirangozi nyuma ya mlango, akakaa kibarazani, akazeeka. Ndiyo, alizeeka kwa siku tatu! Siku ya kwanza aliomba mkongojo. Siku ya pili alianza kukohoa kabla ya kuulizwa hali. Siku ya tatu alikataa nyama, eti meno, na meno yalikuwepo yote isipokuwa mawili.

Mkewe, Kabula, alimvumilia masika yote. Kiangazi kiliporudi na vijana wakaanza kusuka kamba za safari, Lugendo akasema, "Waambie wachague mwingine. Mimi nangoja kufa tu."

Kabula alikuwa anatwanga. Akaacha.

"Unangojea kibarazani pangu? Basi sogea, unazuia mlango."

"Mama Nkwabi, unanicheka?"

"Nakucheka, ndiyo. Hebu shika mchi huu."

Akaushika.

"Unauonaje?"

"Ni mchi."

"Ulikuwa unanifika juu ya kichwa. Sasa unanifika kifuani. Nimeukata mara mbili, Baba Nkwabi, na tangu nilipoukata mara ya kwanza ni mvua tano sasa. Mabega yaliniambia hayauwezi, nami nikayasikiliza. Sasa natwanga kidogo kidogo, naimba nyimbo mbili badala ya moja. Je, umewahi kulala njaa?"

"La."

"Ugali wangu umewahi kuwa na chenga?"

"La." Alisema kwa sauti ndogo sana.

"Mimi nilikata mchi. Wewe unataka kuvunja kinu."

Jioni ile Lugendo alikula nyama. Asubuhi akauchukua mkuki nyuma ya mlango, mkongojo akampa Kabula achochee moto.

Wakaenda visimani, wakachemsha, wakakausha, wakashindilia. Siku ya kurudi, Lugendo alinyunyiza unga haraka haraka, akarudi, akawakuta vijana wanafunga kilindo chake.

"Fungueni," alisema.

Wakatazamana.

"Fungueni, sijakasirika. Toeni nyasi zote. Jazeni chumvi, kumi na mbili."

Shija akasita. "Baba..."

"Jaza, mwanangu."

Wakajaza. Lugendo akainua mbele yao wote, bila kuona haya. Kumi na mbili, kilindo hakikuondoka chini. Wakapunguza: kumi, kikafika gotini. Nane, kikafika begani, lakini mgongo ukalia. Saba, akatembea hatua tano akatikisa kichwa. Sita, kikakaa begani, kikatulia.

"Sita!" alisema, na uso wake ukachangamka. "Nyie mlinikadiria tatu. Mimi nilijikadiria kumi na mbili. Kumbe wote tumekosea! Mimi ni mtu wa pishi sita." Kisha akachota pishi sita zilizobaki, moja moja, kwa mkono wake mwenyewe, akawapa vijana sita. "Shija, hii yako. Safari hii hukuichukua kwa siri, nimekupa mimi. Ahsante, mwanangu. Na zile za miaka mitatu, ahsante. Na yale maneno ya uji wa maji matupu, mnisamehe."

Shija alifuta macho, akasema ni moshi wa majiko ya chumvi.

Wakatembea. Jua likapanda, bega likachoka, Lugendo akatua. Vijana nao wakatua, pu, pu, pu, wakajitupa majanini.

"Baba," Shija alisema akiwa amelala chali, "miaka mitatu nilikuwa naomba mwiba ukuchome, tupate kupumzika."

Walicheka mpaka ndege wakahama mti. Na hapo ndipo Lugendo alipoona bonde lililo chini yao, lenye mto na nyumbu wakinywa maji. Alikuwa amelipita zaidi ya mara thelathini. Hakuwahi kuliona, kwa sababu hakuwahi kukaa.

Walichelewa siku mbili kufika. Hakuna aliyekufa kwa kukosa chumvi siku mbili. Mwaka uliofuata alibeba sita tena, kisha tano, kisha tatu, kila mwaka akijipimia mwenyewe mbele ya watu. Safari yake ya mwisho alibeba pishi moja, akitangulia na wimbo wake, na Kabula alipoifungua akaionja kwa ulimi akasema, "Chumvi tupu. Hakuna hata jani."

Wakubwa walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uzee nao ni mgeni, wanangu, tena huyu habishi hodi. Ukimnunia, atakaa kibarazani ale chakula chako chote. Mpe jembe la kumfaa, mtalima pamoja.

Sasa acheni karanga, nitazameni. Leo asubuhi tulipokwenda kuokota kuni, nilijitenga kidogo kichakani. Niliporudi, mzigo wangu ulikuwa umepungua vipande vinne. Hakuna jini anayeiba kuni. Holo, mbona unatazama chini? Sikukasirika, mjukuu wangu. Moyo wako ni mzuri kuliko wa wengi.

Lakini kesho mtaufungua mzigo mbele yangu, na nitawagawia mimi. Pengine nitawapa vitano, pengine viwili. Vitakavyobaki ni vyangu, asiviguse mtu.

Kisa kimetua mzigo wake. Mwenye bega aubebe, aliyechoka akae kwanza.