Fisi na Mamlaka ya Kufukua

"Ngano hiyo."
"Ipite."
"Ipite wapi?"
"Katikati yetu, isimkanyage mtu."

Saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mvua kukatika, Pimbi alimzika mama yake katika Bonde la Mawe. Saa sita, jua la utosi, Fisi alifika, tumbo likinguruma: ngurr, ngurr.

Fisi alikuwa Mkuu wa nchi nzima. Nchi ilikuwa na mabonde saba, na mapatano yake yalijulikana kwa wote. Mkuu alinde mipaka na njia kuu. Kila bonde lisimamie maji yake, malisho yake na maziko yake.

"Nimekuja kufukua," Fisi akasema.

"Bwana Mkuu, maziko ni ya bonde."

"Kuzika ni kazi yenu, nani kabisha? Kufukua kumetajwa wapi? Kisichotajwa ni cha Mkuu."

Wanyama wa bonde wakatazama chini. Pimbi akauliza, "Kisichotajwa ni chako?"

"Changu."

"Chote?"

"Chote, we kidole. Unataka nikuimbie?"

"Basi pokea na hili. Kwetu, kaburi likiguswa, aliye chini huuliza ni la nani. Mwenye mamlaka hujibu, 'Langu.' Akijibu mara tatu, hushuka kaburini. Kujibu nako hakukutajwa, Bwana Mkuu. Ni kwako."

Fisi akacheka. Akafukua: fuku, fuku, fuku.

Sauti ikatoka kwenye mawe, sauti ya mama yule yule. "La nani?"



"Langu," Fisi akajibu. Akafukua: fuku, fuku.

"La nani?"

"Langu." Safari hii alijibu polepole. Akafukua: fuku.

"La nani?"

Mara ya tatu sauti ilitoka chini ya nyayo zake. Udongo ukazama kidogo. Fisi akawatazama wanyama. Hakuna aliyemtazama.

"La bonde," akasema. "Na kufukua ni kwa bonde. Wote mmesikia."

Akaondoka, puru, puru, bila kugeuka.

Pimbi akaenda nyuma ya jabali. Dada yake, aliyerithi sauti ya mama yao, alikuwa amejibanza hapo tangu Fisi aonekane mlimani.

"Umeita vizuri, dada. Hasa ile ya tatu."

"Ya tatu ipi? Mimi nimeita mara mbili, koo likakauka."

Pimbi akarudi kaburini, dada nyuma yake. Wote wawili wakarudisha udongo, haraka, bila kuangalia shimoni.

Ngano imeketi, mwenye mgongo aibebe. Funzo lake: mkubwa akidai mamlaka, mpe yote, na usiyokuwa nayo mwongezee.

Alasiri ile Fisi alionekana mbali na bonde, akilinda mpaka.