Meno ya Kulia na Meno ya Kushoto

Katika milima ya kusini, kule ambako ukungu hukawia kuondoka na mashamba ya milingoti hushuka mpaka bondeni, aliishi mpasua mbao aliyeitwa Ambilikile. Alikuwa na msumeno wa mnyororo, ule wa injini, aliopewa na baba mkwe wake alipomwoa Subilaga. Mkwe naye alikuwa mpasua mbao. Mgongo ulipomkatalia kazi, akaona heri chombo kimfuate binti kuliko kuozea stoo.

Ambilikile alikuwa mtu wa nguvu, na alijulikana kwa nguvu hizo. Mti ambao wengine waliuzunguka asubuhi nzima, yeye aliulaza kabla jua halijapata ukali. Watu walisema ana mkono. Naye, kwa kuwa waliosema walikuwa wengi, aliamini. Jioni aliuegemeza msumeno kwenye ukuta wa jiko, akaoga, akaenda kukaa na wenzake. Asubuhi aliukuta palepale, akavuta kamba, ukaitika. Hakujiuliza kitu, kama vile mtu asivyojiuliza kwa nini mtungi wa nyumbani kwake haukauki maji.

Mara nyingi alimwona Subilaga ameupakata msumeno ule, kitambaa mkononi. Alidhani anaufuta vumbi, kama afutavyo meza.

Ikawa mama yake Subilaga akaugua, tena ugonjwa wa kumlaza kitandani. Subilaga alifunga mzigo, akambeba mtoto wao Tumpe mgongoni, akavuka mlima kwenda kumuuguza mama yake. Alimwachia mumewe unga, kuni na maharage. Hakumwachia maelezo ya msumeno, kwa sababu hakuulizwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Kisha msumeno ukaanza kukata kwa manung'uniko. Zamani ulirusha mabanzi manene yaliyomgonga miguuni kama mvua ya mawe. Sasa ulitoa unga laini kama wa muhogo. Ambilikile aliukandamiza kwa uzito wa kifua chake. Ukatoa moshi. Akauzidishia mafuta, akichanganya petroli na oili kwa kukisia, na moshi ukazidi. Aliupeleka kwa fundi wa pikipiki pale senta, akabadilishiwa plagi, ukakohoa siku chache, kisha ukarudia tabia. Alilaumu petroli. Alilaumu milingoti, akasema ya mwaka huu ni migumu. Alimlaumu hata mkwe wake kwamba alimpa chombo kilichokwisha. Kila chenye jina alikilaumu, isipokuwa jina lake mwenyewe.

Ndipo ikaja siku ya mti wa mteremkoni. Mwenzake wa kazi, Lwitiko, alishika kamba kwa chini, ili auvute mti kuelekea upande walioukusudia. Ambilikile aliingiza msumeno shinani. Ulipofika nusu ya njia, ukazimika. Alivuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kikachubuka, haukuitika. Mti uliokatwa nusu hausimami na haulali, unangoja tu. Upepo ukatoka bondeni, mti ukazunguka kwenye shina lake, ukaenda upande ambao hakuna aliyeutaka. Lwitiko aliruka, lakini tawi likamfikia, likamvunja mguu chini ya goti.

Walimbeba kwenye machela ya matawi hadi zahanati, akafungwa mguu, akarudishwa kwake kulala chali. Hakuna aliyemlaumu Ambilikile. Walisema ni ajali, ni kazi, ni upepo. Mwenye mashamba ya milingoti akamwambia kwamba yuko tayari kumkabidhi msumeno mwingine, mpya, aanze nao kesho yake. Ambilikile alishukuru, lakini mkono wake haukunyooka kuupokea.

Alikwenda kumwona Lwitiko. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akaanza kuusimulia ubaya wa ule msumeno: jinsi ulivyokuwa mwema miaka yote, na jinsi ulivyogeuka ghafla tangu mwezi uliopita. Lwitiko alimwacha amalize. Kisha akasema, bila hasira, "Ambilikile, miaka yote hiyo, ulidhani ni nani aliyekuwa akiunoa?"

Ambilikile aliinuka kwenye kigoda. Alitoka akarudi nyumbani kwa njia ndefu.

Nyuma ya jiko, kwenye kopo lililoning'inizwa, alikuta tupa nyembamba ya mviringo, iliyolika katikati mpaka ikang'aa, mpini wake ni gunzi la muhindi. Alikuta brashi ya nywele ngumu, sindano ya kushonea magunia, na chupa ambayo mstari ulikwaruzwa ubavuni kuonyesha oili ifike wapi kabla ya kumimina petroli. Vitu hivyo vilikuwa hatua chache kutoka mahali alipoogea kila jioni. Alisimama navyo mikononi, akaona haya mbele ya kopo.

Siku ileile Subilaga alipiga simu kutoka juu ya kilima cha kwao, mahali panaposhika mtandao. Habari za Lwitiko zilikwisha kumfikia. Alisema kwamba mama bado hawezi kula vizuri, lakini kama mambo ya huku yameharibika, atamwomba dada yake ashike zamu, arudi. Ilikuwa rahisi kusema njoo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Ambilikile alilimeza.

"Kaa na mama," alimwambia. "Huku nimeharibu mwenyewe, nitatengeneza mwenyewe."

Kisha akajiwekea sharti: msumeno ule hautagusa mti uliosimama mpaka aujue ndani kama aujuavyo nje. Na kwa kuwa shamba la viazi la Lwitiko lilikuwa halina wa kulipalilia, akajigawa: asubuhi jembe kwa Lwitiko, mchana msumeno kwake.

Alitandika kitenge kikuukuu uani, akaufungua. Kwanza chujio la hewa. Lilikuwa limeziba kwa vumbi la mbao lililolowana mafuta, likashikamana kama ukoko wa ugali chunguni. Hata mwanadamu angezimia kwa kukosa hewa hivyo. Alilisafisha kwa brashi mpaka akaona mwanga ukipita. Kisha ule ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo. Mfereji wake ulijaa uchafu, na tundu dogo linalopitisha oili lilikuwa limefungika kabisa. Ndiyo maana chuma kilikuwa kimeungua hadi kikawa na rangi ya buluu. Sasa alijua sindano ya magunia ilikuwa ya nini.

Haikuwa kazi ya kwenda bila kukwama. Alipofungua kasha la kamba ya kuwashia, springi iliruka kama nyoka, ikamkata shavu, ikajitapanya uani. Aliikunja, ikafunguka; aliikunja tena, ikafunguka tena. Jirani aliyepita alimshauri aupeleke mjini, huko kuna watu waliosomea. Ambilikile alimjibu kwa adabu na akaendelea kukunja. Alijifunza kwamba springi haitaki nguvu. Inataka kidole kimoja kisichoondoka mahali pake.

Kilichomtesa kuliko vyote ni kunoa. Alipoanza aliisukuma tupa mbele na kuirudisha nyuma, kama akatavyo mtu chuma kwa hasira, na meno yakazidi kufa. Akajifunza kuisukuma upande mmoja tu, kuinyanyua, na kuanza upya. Akajifunza kuufuata mteremko ambao jino lenyewe lilikuwa nao tangu kiwandani, si ule aliouona yeye kuwa mzuri. Kila jioni aliuwasha, akaujaribu kwenye gogo lililolala. Unga. Akazima, akakaa chini, akarudia jino la kwanza. Watu walipomuuliza lini atarudi msituni, alisema gogo ndilo litakalomwambia.

Na gogo likamwambia. Jioni moja msumeno uliingia bila kusukumwa, kwa uzito wake wenyewe, na mabanzi yakaruka yakamgonga miguuni. Ambilikile aliuzima upesi, akaketi juu ya gogo lile. Hakucheka wala hakupiga kelele. Aliushika mpini mpaka chuma kikapoa.

Kesho yake aliupasua ule mti uliomvunja mwenzake mguu, akampelekea Lwitiko mbao za kutosha kuezekea banda lake, na kuni za masika yote. Lwitiko, ambaye sasa alitembea kwa magongo, aliinua banzi moja, akalitazama unene wake, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Mama yake Subilaga hakupona. Alifariki akiwa ameshikwa mkono na binti yake, na Ambilikile alivuka mlima kwenda kumzika. Matanga yalipoanuliwa, walirudi pamoja. Njiani Subilaga alisema neno moja tu juu ya mambo hayo yote, kwamba mama alimwita yeye kwa jina mwishoni, naye alikuwapo kuitika. Ambilikile alimpokea Tumpe, akambeba yeye.

Jioni ya kwanza nyumbani, Subilaga alinyoosha mkono kwenye kopo, kama desturi. Mumewe akamtangulia.

"Keti, Mama Tumpe," alisema. "Hii sasa ni kazi yangu."

Akakaa, akanoa mbele yake, na ndani ya moyo wake alingoja kusifiwa. Subilaga alitazama mpaka mwisho. Kisha akauvuta msumeno mapajani, akapitisha ukucha juu ya meno, moja baada ya jingine, polepole, kama alivyofundishwa na baba yake. Akasema kwamba ni makali, makali kabisa. Lakini mnyororo una meno yanayotazama kulia na meno yanayotazama kushoto, na mkono wa mtu hupenda upande mmoja. Ya upande anaoupenda huliwa sana na tupa, yakawa mafupi. Ya upande wa pili hubaki marefu.

"Utakata, Baba Tumpe," alisema. "Ila utapinda. Kwenye gogo lililolala hutaona. Utaona kwenye mti mkubwa, umekwisha kufika katikati."

Neno la kiburi likamjia Ambilikile: kwamba amejifunza peke yake, kwamba mguu wa Lwitiko ulimfundisha, kwamba hahitaji tena kufundishwa. Alikumbuka pia kwamba alikuwa ameapa kutengeneza mwenyewe, na mtu aliyeapa hivyo hulisikia kila shauri kama tusi. Alilipima neno lile. Kisha akaugeuza msumeno, ubapa ukawa katikati yao.

Alimwomba ashike tupa yeye, aanze na upande wake. Subilaga akamaliza meno ya kushoto, akampa mumewe tupa, naye akanoa ya kulia, kila jino kwa hesabu ileile ya misukumo aliyoitumia mkewe. Tupa ikapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine hadi mnyororo ukazunguka wote. Ndani ya nyumba Tumpe alikuwa amelala. Tangu jioni hiyo hakuna aliyesema tena kazi hii ni yangu, na milingoti waliyoiangusha kwa msumeno ule ilikwenda pale ilipoelekezwa.

Basi wewe unayesifiwa kwa miti uliyoilaza, ni nani aliyekuwa akikunolea, na lini utaketi upande wa pili wa ubapa?