Sanduku Lililomwamkia Mtoto

Paukwa, mlioketi!
Pakawa, tunasikia!
Nilete ya zamani au ya juzi?
Lete ya juzi, ya zamani tunaijua!

Ilikuwa Jumatatu, mwezi mosi Rajabu, saa mbili asubuhi, mambo yalipogeuka kule Majabalini. Saa moja watoto walikuwa watoto na wazee walikuwa wazee. Saa mbili hakuna aliyejua nani ni nani.

Kule alikaa Bi Pimbi, mdogo wa umbo, hana hata mkia. Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa, Kombo, alivuta moshi wa dukani kwa Fisi, fyuu, fyuu, mpaka kifua kikamkaba, akafa. Akabaki Mize peke yake.

Moshi wenyewe haukuwa wa kuni. Ulitoka kwenye sigara ya umeme, kijiti chenye taa, kinanukia ubuyu na embe. Fisi aliuza, akanenepa, akauza tena. Kombo alipozikwa, Simba akatoa amri: mtoto asiuziwe. Ndipo Jumatatu ile Fisi akaleta sanduku lenye masikio, akalitundika mlangoni.

"Hili linajua umri," Fisi akasema. "Lenyewe litakuamkia. Mtu mzima ataitika. Mtoto gani atathubutu kuitika marahaba?"

Nyani, askari wa Simba, akakuna kichwa. "Kweli. Adabu haidanganyi."

Sanduku likasema, "Shikamoo!"

Nyani akaitika, "Marahaba!"

Tii! "Mtu mzima, pita." Mlango ukafunguka.

Bi Pimbi naye akasogea. "Shikamoo!" likasema sanduku. Bi Pimbi akaduwaa. Kitu hiki hakina mama, kimezaliwa lini? Huenda kimemzidi umri. Kwa adabu akajibu, "Shikamoo nawe, bwana."

Bwee! "Mtoto, rudi nyumbani."

Fisi akacheka mpaka udenda ukamtoka. "Umesikia, mtoto? Na likishakushika sauti, limekushika. Hata mimi mwenye duka, kuanzia kesho nitapita hapo hapo."

Bi Pimbi akajaribu tena, akaitika marahaba kwa nguvu. Bwee! "Wewe ni yule yule mtoto."

Lakini watoto wa kweli hawakukawia. Adhuhuri haijaadhiniwa, wameshajua. Shikamoo! Marahaba! Tii! Fyuu. Shikamoo! Marahaba! Tii! Fyuu. Mize naye akaenda. Aliporudi nyumbani alikohoa, koho, koho, kikohozi kile kile cha Kombo.

"Mize, mwanangu, leo hata salamu hakuna?"

"Mama, sanduku limesema wewe ni mtoto. Wewe ndiye uniamkie mimi."

Bi Pimbi akaenda kwa Nyani. "Ndugu askari, nieleze polepole. Aliyekuwa akininyonya juzi ni mtu mzima. Mimi niliyemzaa ni mtoto. Sasa nimzae upya, au yeye ndiye anizae?"

Nyani akakuna kichwa. "Mama, hata mimi sielewi. Lakini sanduku limesema, na sanduku halina ndugu."

"Halina ndugu?"

"Halina."

"Haya. Kesho Fisi akifungua duka, uwepo."

Bi Pimbi akaswali alasiri, akavuka bonde mpaka kwa mama yake Fisi, kikongwe ambaye mwanawe hajamtembelea tangu duka lianze kunona.

"Mama, mwanao ana duka kubwa. Umeliona?"

"Sijaalikwa."

"Basi mimi nakualika."

Asubuhi Fisi akafika, tumbo limetangulia. Nyani amesimama kando. Sanduku likasema, "Shikamoo!" Fisi akapanua mdomo, "Mara..."

"We mwana!" Mkongojo ukagonga jiwe, ko! "Unamwitikia nani marahaba na mimi nimesimama hapa?"

Fisi akageuka, akanywea. Mbele ya mama hakuna bwana mkubwa. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu."

Bwee! "Mtoto, rudi nyumbani." Tii! "Mtu mzima, pita." Bibi kizee akapita ndani. Mlango ukamfungia Fisi nje.

"Marahaba!" Fisi akapiga kelele. "Marahaba! Marahaba!"

Bwee! "Wewe ni yule yule mtoto."

Nyani akakuna kichwa. "Amri ya Simba ni kuwa mtoto na moshi wasikae pamoja. Fisi, huna duka."

"Mimi? Mwenye wake wawili?"

"Sanduku limesema," Bi Pimbi akasema polepole, "na sanduku halina ndugu."

Ndani, bibi kizee alinusa vijiti, akapiga chafya, akavifukia vyote shimoni. Siku ya pili akaanza kuuza uji hapo hapo. Fisi mpaka leo anazunguka nje ya milango ya watu akilia uuu-wi, afunguliwe.

Na Mize? Alikuja jikoni, akasimama. Akakohoa kidogo.

"Shikamoo, mama."

Bi Pimbi akangoja, asijue kama ni yeye anayeamkiwa. Kisha akaitika, "Marahaba, mwanangu."

Funzo lake, wenzangu, ni hili: ukiwa na biashara, usimwamkie mama yako mlangoni, utafilisika. Na ukitaka kujua umri wa mtoto, uliza sanduku, maana mama aliyemzaa hajui kitu.

Yangu nimeitua hapa. Mwenye kuipenda aibebe, mwenye kuichoka aiache ipoe.

Na Kombo wa Bi Pimbi, na wetu wote waliotutangulia wangali wadogo, Mwenyezi Mungu awarehemu, awapanulie makaburi yao, awape huko pumzi waliyoikosa hapa. Amina.