Digidigi na Msomaji wa Ukuta Mweupe

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, sogeeni mnisikie vizuri, wanyama wa Bonde la Mtonga walikuwa na ukuta.

Ulikuwa mwamba mrefu, mweupe, kando ya njia ya kisimani. Kila asubuhi mnyama akishachota maji alitua ndoo, akaokota kipande cha mkaa, akaandika habari yake moja. Chini yake akapiga alama ya kwato au ukucha, ijulikane nani kaandika. Asiyeandika aliitwa mchoyo.

Walikuwa na sharti moja, na walijivunia sana sharti hilo: mtu asiandike anakoishi.

"Hapo tuko salama," walisema. "Chui akija kusoma, atasoma upepo."

Chui mwenyewe hakuwahi kuandika hata neno. Lakini kila asubuhi, aliyewahi kisimani alikuta majani yamelala mbele ya ukuta, kama mtu mrefu alijinyoosha pale. Ukiyagusa, bado yana joto.

Kiangazi kimoja, nyumba ya Kanga ikakutwa tupu. Jikoni uji unachemka, tok, tok, tok. Mlango haukuvunjwa. Mama hayupo, watoto hawapo. Wiki ya pili, nyumba ya Sungura. Chai imemiminwa vikombe vitatu, na wa kuinywa hakuna.

"Chui kapajuaje?" wanyama wakaulizana. "Nani kamwambia?"

Basi wakaanza kutazamana kwa jicho baya, kila mmoja anamshuku jirani yake.

Sasa, bondeni hapo aliishi mama mmoja, Digidigi. Mnyama mdogo, miguu kama vijiti vya kibiriti. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Nyemi, na Nyemi alikuwa kalala na kikohozi, hata kusimama hawezi.

Digidigi alijifunza kusoma ukubwani, kiangazi hichohicho, baada ya kumganda Kobe wiki nane amfundishe. Alisoma kwa sauti, kwato juu ya herufi, moja baada ya nyingine. "Le... o... ni... me... pi... ka... Leo nimepika! Nimepika nini? Ku... nde! Loo, kunde!" Akacheka peke yake kwa furaha. Na kuandika je? Hakuna asubuhi iliyopita bila yeye kuandika.

Siku moja, kainama anachota maji, akahisi baridi shingoni. Akainua kichwa.

Chui kaketi ng'ambo ya kisima, mkia kaukunja kwa adabu. Kisimani mtu haliwi, hiyo ilikuwa sheria ya bonde zima. Lakini kuzungumza hakukukatazwa.

"Hujambo, mama Nyemi?"

"Si... sijambo, bwana."

"Kikohozi cha mtoto vipi? Ile asali haikumsaidia?"

Ndoo ikamponyoka. Pwaa!

"Nani kakuambia mtoto wangu anakohoa?"

"Wewe," Chui akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekuja kumpa mgonjwa pole. "Na lile jua la asubuhi, bado linakupiga machoni kitandani? Pole sana. Mlango ukitazama mashariki una tabu yake. Na vumbi jekundu juu yake! Unafagia mpaka mgongo unauma."

"Umefika kwangu?" Digidigi akauliza.

"Bado. Milango ya mashariki yenye udongo mwekundu iko mingi, nimeihesabu. Nimebakiza kitu kimoja tu kidogo." Chui akainuka, akajinyoosha. "Kesho jua likianza kushuka nitakuja kumjulia hali mgonjwa. Usihangaike kupika, mama Nyemi."

Akaingia vichakani. Hata jani moja halikulia.

Digidigi hakwenda nyumbani. Alikwenda ukutani, akaanza mwanzo kabisa, kwato juu ya herufi. Wenzake husoma habari moja mbili wakaondoka. Yeye siku ile hakuruka neno.

"Nyemi a... na... ko... hoa. Nimempa asali." Chini yake, kwato yake mwenyewe.

Hatua ishirini mbele: "Jua limenipiga machoni kitandani, nikaamka." Kwato yake.

Mbele zaidi, karibu na mwisho: "Vumbi jekundu mlangoni! Nimefagia mpaka mgongo unauma." Kwato yake tena.

Nywele zikamsimama. Aliona kama yuko uchi, na si leo tu, ni tangu siku alipoanza kuandika. Akarudi nyuma akatafuta za Kanga. Kanga aliandika maporomoko yanavyomnyima usingizi. Kanga aliandika mbuyu unavyomdondoshea maua. Mbuyu ulio karibu na maporomoko ni mmoja tu! Hakuna jirani aliyemsaliti jirani. Kila mtu alijipeleka mwenyewe, kipande kwa kipande.

Krii, krii, krii. Akasikia mkaa unakwaruza. Jirani yake Pimbi kasimama mwisho wa ukuta, ulimi nje, anaandika.

"Pimbi! Unaandika nini?"

"Habari njema, shoga! Nasema: jana nilikwenda kumwona Nyemi mgonjwa, nikachuma kunazi palepale mlango..."

Digidigi akaruka, akamnyang'anya mkaa kabla neno kunazi halijaandikwa.

"Wee! Una wazimu?"

"Pimbi, humu bondeni ni mlango wa nani wenye mkunazi?"

"Wako."

"Na wa nani mwingine?"

Pimbi akafikiri. "Wako tu," akanong'ona.

Digidigi akamsimulia yote. Pimbi akaurukia ukuta kwa mikono miwili.

"Tufute! Tufute zote!"

"Tufute nini, na kashasoma? Ziko kichwani mwake."

"Basi tuandike kwa herufi kubwa kwamba mmehama."

"Hatasadiki. Chui ukimwambia kitu usoni, anakucheka. Yeye anaamini kile alichookota mwenyewe." Digidigi akautazama ukuta. "Basi aokote."

Kwanza alikwenda kwa Nungunungu. Mzee huyo aliishi shimoni chini ya mkwaju, udongo mweupe, mlango unatazama machweo.

"Mzee wangu, nataka Chui aje kwako. Lakini nyumba ni yako. Usiporuhusu, siandiki chochote."

Nungunungu akacheka, na miiba yake ikacheka naye, shaka-shaka-shaka. "Miaka yote hii hakuna anayenitembelea! Andika, mwanangu, andika."

Jioni hiyo wakaandika, mbalimbali, zisikae pamoja. Digidigi: "Jua la jioni linatuchoma humu, nimetundika pazia." Hatua thelathini mbele, Pimbi: "Nimetoka kwa mgonjwa, miguu myeupe kama nimekanyaga unga." Na Kobe, kwa mwandiko wake mzuri, kule mwisho: "Nyemi kala ukwaju wa mlangoni, kakunja uso!"

Asubuhi majani ya ukutani yalikuwa yamelala. Yana joto.

Mchana ukapita. Jua likaanza kushuka. Digidigi kajifungia ndani, Nyemi kifuani.

Nje, ndege wakanyamaza wote kwa mpigo.

Kivuli kirefu kikapita chini ya mlango. Kikasimama.

"Mm," sauti ikasema. "Mashariki. Vumbi jekundu. Mmoja wa ile niliyoihesabu. Na mkunazi huu, sikuusoma popote."

Nyemi akabana pumzi. Akabana, akabana, kifua kinapanda... kho!

"Nani humo?"

Digidigi akakohoa kwa nguvu kumfunika mtoto. "Kho! Kho! Kho! Vumbi hili litaniua! Unamtaka nani?" Sauti kaifanya nzito kama ya bibi kizee.

"Namtaka mama Nyemi."

"Hayupo."

"Ninajua hayupo!" Chui akasema, na ungesikia anavyotabasamu. "Usinielekeze, tafadhali. Kahamia penye udongo mweupe, mlango wa machweo, chini ya mkwaju. Hakuna aliyeniambia. Nimeunganisha mwenyewe."

"Haya, hongera."

"Na wewe ni nani mwenzangu? Una watoto wangapi?"

Mdomo wa Digidigi ulishafunguka kujibu, maana ndivyo adabu ilivyo, ukiulizwa unajibu. Akaufunga.

"Mpita njia."

"Mpita njia kutoka wapi?"

Kimya.

"Hulala saa ngapi?"

Kimya. Pua ikanusa ufa wa mlango, fff, fff, mara mbili. Nyemi alikuwa amefumba macho. Kisha kivuli kikaondoka, polepole, kama kitu kinachovutwa.

Digidigi alihesabu mapigo ya moyo wake. Alifika mia tatu.

"MAMAAA! PUA YANGU! MACHO YANGU!"

Bonde zima lilitetemeka. Nyuma ya ukelele ule ikasikika shaka-shaka-shaka, na sauti ya mzee mmoja mchangamfu: "Mbona unatoka, mgeni? Ingia! Ingia ndani kabisa! Nimekupa mgongo ili upite!"

Chui alitoka bondeni jioni ileile, anajigonga kwenye miti, du, du, miiba imemsimama usoni. Macho yalimvimba yakaharibika, na tangu siku hiyo hata herufi kubwa kama nyumba hawezi kuiona.

Nyemi akakohoa kwa uhuru wake, kho kho kho, akaomba uji. Digidigi akampikia. Kesho yake kisimani wakamuuliza, "Mama Nyemi, mbona leo huandiki? Jana kwako kulitokea nini?" Akajitwika ndoo yake, akasema, "Kwema," akashika njia.

Basi wanangu mnaoshika simu, kabla hamjaweka habari yenu mbele ya watu wote, ikumbukeni ile mliyoweka jana na juzi, kwa sababu yuko asiyeandika kitu anayezisoma zote pamoja.