Kioo cha Duka la Kumi na Moja

"Kioo kikishapikwa hakikatwi." Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia hivyo washenga waliotaka kuchapisha kadi za harusi kabla wazee hawajakubaliana tarehe. Sasa mmenizunguka mnauliza kioo hupikwa kwa kuni au kwa gesi. Swali zuri. Chanzo cha methali hiyo ni mimi babu yenu, wala sijivunii.

Jengo la zamani la maduka hapa Tanga lilikuwa likikarabatiwa. Nilipewa kazi ya vioo vya mbele, maduka kumi na moja, kila duka kioo kimoja kutoka sakafuni hadi darini. Miaka thelathini nilikuwa nimekata vioo vya madirisha ya nyumba na sikuwahi kuaibika. Saumu, fundi mwenzangu aliyetoka chuoni, alipima kila uwazi mara tatu: juu, katikati na chini.

"Mzee Mbaruku, duka la mwisho limebana huku chini," akasema. "Upana wa kidole."

"Kumi yako sawa, hilo moja lipinde kwa nini? Andika vipimo vilevile."

"Lakini mzee, ukuta wa zamani huu. Na vioo vyenyewe vinapikwa."

"Binti yangu, nilianza kukata vioo wewe hujazaliwa."

Akaandika.

Vioo hivyo hukatwa kwanza, kisha huingizwa kwenye tanuri mpaka vikaribie kulainika, halafu hupulizwa upepo baridi ghafla. Vikitoka hapo, ukivipiga ngumi utaumia wewe. Vilipoletwa, kumi viliingia. Cha kumi na moja kiligoma, na duka hilo lilikuwa la Bi Riziki, muuza magauni, aliyekuwa ameshapokea mzigo wake wa Idi. Idi yenyewe ilikuwa imebakiza siku nne.

Nikachukua mashine ya kusagia kingo za vioo.

"Mzee, usikiguse!"

"Napunguza ukingo kidogo tu."

Hata hicho kidogo sikukifikia. Kioo kizima kilimwagika miguuni pangu, punje punje kama chumvi ya mawe.

Idi ikafika. Maduka kumi yanang'aa, la Bi Riziki limezibwa kwa mbao, na watu wanapita wasijue ndani kuna nini. Nilikwenda kumwomba radhi. Aliendelea kukunja magauni yake. Aibu niliyoiona siku ile ninayo mpaka leo.

Nikamlaumu Saumu: "Kwa nini hukuning'ang'ania siku ile ya kupima?"

"Nilikung'ang'ania, mzee wangu," akajibu taratibu. "Ila na wewe ulikuwa umeshapikwa."

Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Wakayageuza maneno yake kuwa methali, wakaenda nayo makwao, na ndiyo hiyo imewafikia. Mimi nilimkabidhi Saumu futi kamba yangu, na tangu hapo alipima yeye, mimi nikakata.

Basi msimwone shangazi yenu mkorofi. Tarehe ingali mbichi. Ipimeni juu, katikati na chini. Kioo kikishapikwa hakikatwi.