Fahali Mnono wa Mwarungu

Maonyesho ya kilimo ya Mwarungu yalianza pale Chifu Mwakesi alipoagiza fahali mnono kuliko wote kijijini achinjwe kwa karamu yake. Macho yote yakamgeukia Mghoi, maana fahali wake alikuwa amenona hasa.

"Mzee, tutamjuaje bila kuwashindanisha?" aliuliza Mghoi. "Waletwe wote uwanjani, nawe uamue. Ila wako mwache nyumbani, asije akakuaibisha."

"Aniaibishe mimi?" Chifu alifoka.

Jumamosi watu walifurika uwanjani. Chifu alizunguka akiwapapasa fahali mmoja mmoja, kisha akamvisha wake utepe mwekundu.

"Mnono kuliko wote ni huyu wangu!" alitangaza, akishangiliwa.

"Tumesikia sote, Mzee," alisema Mghoi kwa unyenyekevu, akaishika kamba ya mshindi. "Haya mchinjaji, kazi kwako."